Zamu ya usiku haizoeleki: namna ya kulala mchana kwa kufuata saa ya mwili

Mtu akianza kuingia naiti, neno la kwanza analoambiwa na wenzake ni "utazoea". Kuna mambo atakayoyazoea kweli: kula chakula cha usiku wenzake wakiwa ndio kwanza wanakoka moto, kukosa harusi za Jumamosi, kujibu simu za mchana kwa sauti ya mtu aliyetoka kaburini. Lakini saa iliyomo ndani ya ubongo haizoei. Mwaka 2008 mtafiti Simon Folkard alikusanya tafiti zilizopima melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, kwa watu wanaofanya kazi usiku tu, mwaka hadi mwaka. Waliogeuza saa zao kikamilifu hawakufika 3 kwa kila 100, na waliogeuza kiasi cha kupata nafuu hawakufika robo.

Kwa hiyo muuguzi wa miaka 15 kazini anapigwa na usingizi wa saa 10 alfajiri sawasawa na yule aliyeajiriwa juzi. Tofauti ni kwamba wa miaka 15 amejifunza kusimama wima. Ukijua kwa nini hali iko hivyo, utaacha kujilaumu, na utaanza kupanga mwanga, usingizi na kahawa kwa saa zake badala ya kungoja mazoea yasiyokuja.

Nguvu mbili zinazovutana

Usingizi unaendeshwa na vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Alexander Borbély wa Zurich ndiye aliyeviweka kwenye mchoro mmoja mwaka 1982, na mchoro ule bado unatumika.

Cha kwanza ni deni. Muda wote ukiwa macho, ubongo unatumia nishati, na mabaki ya matumizi hayo, hasa adenosini, yanajikusanya nje ya seli. Adenosini inakamata vipokezi vyake na kupoza yale maeneo ya ubongo yanayotuweka macho. Kadiri unavyokesha ndivyo inavyozidi, na ukilala inapungua, haraka zaidi katika usingizi mzito wa mwanzo.

Cha pili ni saa ya mwili, na hii haijali umekesha kiasi gani. Inapanda na kushuka kwa ratiba yake. Mchana inapanda polepole, ikilegea kidogo kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, kisha inafika kileleni jioni. Ndiyo maana mtu aliyeamka saa 12 asubuhi, akafanya kazi kutwa, saa 1 jioni anajikuta mchangamfu kuliko alivyokuwa alasiri. Deni limekua, lakini saa inamshikilia. Kipindi hicho, takribani saa 2 au 3 kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala, ndicho kigumu kuliko vyote kupata usingizi. Baada ya hapo melatonini inaanza kupanda, joto la ndani la mwili linapungua kwa nyuzi 1 hivi, na linafika chini kabisa karibu saa 10 au 11 alfajiri. Kisha joto linapanda tena, kotisoli, homoni ya kuuamsha mwili, nayo inapanda, na mwili unajiandaa kuamka hata kama jogoo hajawika.

Sasa mweke hapo mtu wa zamu. Aliamka saa 1 asubuhi, hakulala mchana, akaingia kazini saa 2 usiku. Ikifika saa 10 alfajiri amekaa macho saa 21. Deni liko juu kabisa na saa iko chini kabisa, vyote viwili vinamvuta upande mmoja. Majaribio ya Australia ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hujibu vipimo vya umakini kama mwenye pombe ya 0.05% kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama mwenye 0.10%. Mtu huyo ndiye anayekokotoa dozi ya mtoto, au anashika usukani wa basi la mikoani. Na mabasi hayo, kwa Tanzania, yameruhusiwa tena kutembea usiku tangu 2023.

Akifika nyumbani saa 3 asubuhi mambo yanageuka. Deni linamwangusha mara moja, analala fofofo, anajua leo amepatia. Lakini saa ya mwili inaendelea kupanda. Baada ya saa 4 au 5 sehemu kubwa ya deni imelipwa, hakuna tena cha kumshikilia, na saa inamwamsha. Ni saa 7 au 8 mchana, macho yanawasha, usingizi hautaki kurudi. Anachopata baada ya hapo ni mang'amung'amu tu. Torbjörn Åkerstedt na Mats Gillberg wa Stockholm walilipima hili mwaka 1981: waliolala saa 5 usiku walipata usingizi kamili, lakini watu wale wale walipolazwa saa 5 asubuhi, baada ya kukesha, walilala kidogo zaidi ya saa 4. Usingizi mzito hauathiriki sana. Ubongo unauchukua kwanza. Kinachokatwa ni usingizi wa kati na ule wa ndoto, ambao kwa kawaida hujaa sehemu ya mwisho.

Kwa nini saa haihami

Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliufungia gizani mmea unaokunja majani, wa jamii ya kifauongo, akaona majani yanaendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku bila jua kuyaambia. Kwa binadamu saa hiyo iko ndani ya haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana: vifundo viwili vidogo vyenye jumla ya seli za neva zipatazo 20,000. Ndani ya kila seli kuna mzunguko wa jeni. Jeni zinatengeneza protini za PER na CRY, protini zinajikusanya, zinarudi kwenye kiini na kuzima jeni zilizozitengeneza, kisha zinavunjwa na kazi inaanza upya. Mzunguko mmoja ni kama siku moja. Waliofumbua sehemu kubwa ya fumbo hilo kwa kutumia nzi wa matunda, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Neno la kuzingatia ni "kama". Kwa wastani saa ya binadamu hukimbia saa 24 na dakika 10 hivi, si 24 kamili. Ikiachwa yenyewe inachelewa kidogo kidogo, kwa hiyo inahitaji kusahihishwa kila siku, na msahihishaji mkuu ni mwanga. Mwanga huo haupiti kwenye seli zinazotuonyesha picha peke yake. Ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho, kuna seli nyingine chache zenye rangi iitwayo melanopsini, zinazoitikia zaidi mwanga wa buluu wa karibu na nanomita 480, na zina njia yao ya moja kwa moja hadi kwenye vile vifundo. Wapo wasioona kabisa ambao seli hizi bado zinafanya kazi, na mwili wao unafuata siku kama wa mtu anayeona. Wengine ambao seli hizo zimekufa, saa zao zinateleza: wiki hii wanalala vizuri, baada ya majuma kadhaa wanasinzia mchana na kukesha usiku, kisha inarudi.

Mwanga hausogezi saa upande mmoja tu. Mpaka ni ile nukta ya joto la chini kabisa, saa 10 au 11 alfajiri. Mwanga unaoingia machoni kabla ya nukta hiyo unaisukuma saa mbele, yaani kesho utasinzia na kuamka kwa kuchelewa. Mwanga unaoingia baada yake unaivuta nyuma, utasinzia na kuamka mapema.

Muuguzi wa zamu amekaa wodini chini ya taa za luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 100 hadi 300. Hizo si bure. Kwa mtu aliyekaa kwenye mwanga hafifu kabla, luksi 100 tu zinatosha kuleta kama nusu ya athari ya mwanga mkali kwenye melatonini. Kwa hiyo usiku taa za wodi zimejaribu kuisukuma saa yake mbele, upande anaoutaka. Kisha saa 1 asubuhi anatoka nje. Hata kivulini kuna luksi maelfu, na juani zaidi ya hapo. Anasimama kituoni nusu saa akingoja daladala. Kazi yote ya usiku imefutwa, saa imerudishwa ilipokuwa.

Kwetu karibu na ikweta hakuna msimu wa kumwokoa. Dar es Salaam, Mombasa, Kampala, Kisangani: jua linachomoza kati ya saa 12 kasorobo na saa 1 asubuhi mwaka mzima, na dakika chache baadaye ni kali tayari. Wafanyakazi wa majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, ambao kazi na kitanda viko mahali pamoja na asubuhi wanaweza wasione jua, saa zao huhama ndani ya wiki moja hivi. Wale miili yao si ya ajabu. Hawasimami tu kituoni asubuhi.

Usiku mmoja hadi mitatu: usiisogeze

Kama ratiba yako ni naiti mbili au tatu kisha mapumziko, usijaribu kuhamisha saa. Inasogea kwa saa 1 hivi kwa siku ukijitahidi, kwa hiyo ikianza kukubali, zamu zimekwisha na unaanza kuirudisha. Hapa kazi ni kupunguza deni.

Jambo lenye faida kubwa kuliko yote ni kulala kabla ya zamu ya kwanza. Lala dakika 90, ule mzunguko mmoja wa usingizi, kati ya saa 8 na saa 11 jioni. Wengi wanajaribu saa 1 usiku, wanageuka-geuka kitandani, wanahitimisha kwamba wao "hawawezi kulala mchana". Wamechagua ile saa ambayo mwili umefunga mlango. Kumbuka ule mlegeo wa alasiri. Uko hapo, utumie.

Kazini, kama kuna mtu wa kukushikia nafasi, lala kidogo kati ya saa 7 na saa 9 usiku. Weka kengele ya dakika 20. Ukipitiliza hadi dakika 40 au 50 unaamshwa kutoka usingizi mzito, na ule uzito wa kichwa unaofuata unaweza kuchukua dakika 15 hadi saa nzima kuisha. Kwa mtu anayeweza kuitwa kwenye dharura, uzito huo ni hatari kuliko usingizi wenyewe: anasimama, anatembea, anaongea, na hawezi kugawa 250 kwa 4. Baada ya kuamshwa, nawa uso, washa taa zote, na dakika 15 za mwanzo usipime dozi yoyote bila mwenzako kuihakiki. Msimamizi anayekataza usingizi huu mfupi kwa jina la nidhamu anaupata hata hivyo, ila watu wanalala kwenye kiti, bila kengele, saa 11 alfajiri.

Naiti nne na kuendelea: sogeza nusu njia

Mlinzi wa kudumu, mtu wa kiwandani anayeingia usiku wiki nzima, hawa wana chaguo lingine. Charmane Eastman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, hawakulenga kuigeuza saa yote, kwa sababu siku za mapumziko mtu anataka kuwaona wanawe. Walilenga kuisogeza hadi katikati, ile nukta ya joto la chini iangukie saa 4 asubuhi hivi badala ya saa 10 alfajiri. Hapo inakuwa ndani ya usingizi wa mchana, na hata siku ya mapumziko mtu bado anaweza kulala usiku wa manane na kuamka adhuhuri.

Ratiba yao ni hii. Siku za kazi unalala saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Siku za mapumziko unalala saa 9 usiku hadi saa 6 mchana. Hulali saa 4 usiku pamoja na familia. Usiku ukiwa kazini unapata mwanga mkali wa vipindi. Wao walitumia luksi kama 4,100, dakika 15 kila saa, kuanzia mapema hadi saa 10 alfajiri. Asubuhi ukitoka unavaa miwani nyeusi. Ukishaamka alasiri unatoka nje kidogo, ili saa isiendelee kuteleza kupita pale unapotaka.

Luksi 4,000 hazipatikani kwa balbu ya kawaida ya dari, hapo tusidanganyane. Taa ya LED yenye nguvu iliyowekwa mezani, sentimita 50 hivi kutoka usoni na pembeni kidogo, inasogeza mambo. Asiyeweza hata hilo, aanze na miwani ya asubuhi na giza la chumbani, maana hizo hazihitaji ruhusa ya mwajiri.

Mlinzi wa getini ni kesi ya peke yake, na ushauri wa wauguzi haumfai. Yeye yuko gizani. Balbu moja iko mbali, machoni inafika luksi chache tu, melatonini yake inapanda kama ya mtu aliyelala. Na hawezi kujiwashia taa kali, kwani ataona kioo cha kibanda na mwizi atamwona yeye. Kwa hiyo saa yake haitahama hata akikaa kazini miaka 20. Kwake dawa ni usingizi wa alasiri, mizunguko ya kutembea iliyopangwa hasa kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na wenzi wawili badala ya mmoja. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wametuonyesha namna kundi linavyoweza kujilinda: watafiti waliowavisha watu wazima 33 vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20 hivi walikuta dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja, kwa usiku zote zile. Hakuna aliyepangiwa zamu. Wazee hulala na kuamka mapema, vijana huchelewa, na wengine hushtuka katikati ya usiku. Mwenye kampuni ya ulinzi angefanya vema kumpa kijana nusu ya kwanza ya usiku na mtu wa makamo nusu ya pili, badala ya kinyume chake.

Kahawa, chai na miraa

Kafeini haiondoi adenosini. Inakalia vipokezi vyake tu, adenosini inabaki nje ikingoja. Ndiyo maana kafeini ikiisha usingizi unarudi wote kwa pamoja.

Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi. Kwa wengine 3, kwa wengine 7. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango anakaa nayo karibu mara mbili ya muda huo, na ujauzito wa miezi ya mwisho unaweza kuifikisha saa 15. Mvutaji sigara anaimaliza haraka. Ukinywa miligramu 200 saa 10 alfajiri, saa 3 asubuhi unapanda kitandani na 100 bado ziko kwenye damu, sawa na kunywa kikombe cha kahawa kisha ukafunga mapazia. Utalala, kwa sababu deni ni kubwa, lakini usingizi utakuwa mwepesi na utakatika mapema. Acha kafeini saa 6 kabla ya kulala: kwa anayelala saa 2 au 3 asubuhi, mwisho ni saa 8 usiku, saa 9 kwa kukaza.

Kosa la wengi ni kunywa kikombe kikubwa mwanzoni mwa zamu, wakati saa ya mwili bado inawabeba na hawakihitaji. Kinachofanya kazi vizuri ni kidogo kidogo. Jaribio la mwaka 2004 lilitumia miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito kila saa. Kwa mtu wa kilo 65 ni miligramu 20, yaani kama nusu kikombe cha chai ya kawaida. Anza saa 4 usiku, nusu kikombe kila saa, simama saa 8. Chai ya chupa inawafaa watu wa zamu kuliko vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Vingi kati ya hivyo vina miligramu 30 hivi kwa kila mililita 100, hivyo chupa ya nusu lita inakupa 150 kwa mkupuo, pamoja na sukari ya kutosha familia.

Dereva aliyeshikwa na usingizi barabarani ana njia moja ya muda: aegeshe mahali salama, anywe kahawa kali yenye miligramu 150 hadi 200 kwa haraka, kisha alale dakika 15 pale pale. Kafeini inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo anaamka inapoanza kushika. Kufungua dirisha na kupandisha redio vimepimwa, na faida yake inaisha mapema mno.

Miraa ni jambo jingine. Kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi inasukuma dopamini, kemikali ya msisimko ubongoni, kama jamaa zake wa amfetamini. Inamweka mtu macho bila kugusa deni, inampa ujasiri asiostahili kuwa nao saa 10 alfajiri, na ikiisha inamwacha amekosa usingizi na hana hamu ya kula. Kwa dereva, ujasiri huo ndio unaoua. Na anayebeba mzigo kutoka Kenya kuingia Tanzania akumbuke kwamba huko inaitwa mirungi, na ni marufuku.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi. Kongosho na ini vina saa zake, na usiku insulini haifanyi kazi vizuri. Katika jaribio la Boston lililotangazwa 2021, watu 19 waliwekwa kwenye zoezi la siku 14 la kuiga zamu ya usiku. Waliokula usiku sukari yao ya damu ilipanda kwa 6.4% kwa wastani, waliokula mchana tu haikupanda. Kula ugali wako saa 1 jioni kabla ya kuondoka. Kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi kunywa maji, na njaa ikikushinda chukua yai la kuchemsha au karanga kiganja kimoja. Asubuhi kula kidogo kabla ya kulala, njaa isije ikakuamsha saa 6 mchana.

Kitanda cha mchana

Ukitoka zamu usizunguke sokoni. Kila saa unayochelewa kulala, saa ya mwili imepanda zaidi na usingizi wako umefupika. Vaa miwani nyeusi inayofunika pembeni, na kofia yenye ukingo, kwa sababu mwanga mwingi unatoka juu. Lakini vaa ukiwa abiria. Ukiendesha mwenyewe, gari au pikipiki, acha miwani. Mwanga wa asubuhi ndio unaokusaidia kufika. Kama umesinzia hata mara moja mezani saa 11 alfajiri, panda daladala.

Chumba kiwe giza kiasi kwamba ukinyoosha mkono huoni vidole vyako. Kanga mbili hazitoshi. Jua la saa 4 linapenya. Karatasi za alumini za jikoni zilizobandikwa kwenye kioo, au turubai jeusi nyuma ya pazia, vinafanya kazi kwa gharama ndogo.

Joto ndilo adui mkubwa zaidi kwa anayelala chini ya bati Pwani. Usingizi unaanza mwili unapotoa joto kupitia mikono na miguu, na bati la saa 6 mchana linazuia hilo. Chagua chumba cha upande wa magharibi kama unalala asubuhi, cha mashariki kama unalala alasiri. Weka dari, hata ya plaiwudi, maana nafasi ya hewa kati ya bati na dari inapunguza sana mnururisho wa joto. Feni iwe ya kusukuma hewa juu ya mwili, si ukutani. Oga maji ya uvuguvugu, si ya barafu: vuguvugu linafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka, ya baridi sana inaifunga. Inasaidia zaidi ukioga saa 1 kabla ya kulala, ila kwa mtu wa zamu hata dakika 20 kabla ni bora kuliko kutooga.

Na chandarua kishushwe mchana. Anofelesi wa malaria anauma usiku, kwa hiyo mlinzi anahitaji nguo ndefu na dawa ya kupaka akiwa kazini. Nyumbani mchana anakutana na Aedes, yule mwenye madoadoa meupe anayeleta homa ya dengue, ambaye huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni. Mtu wa zamu anaumwa na wote wawili.

Ukiamka saa 7 na usingizi ukagoma, usipigane nao zaidi ya dakika 20. Inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, kisha rudi kitandani alasiri, kwenye ule mlegeo wa saa 8 hadi saa 10. Saa 5 za asubuhi na dakika 90 za alasiri zinahesabika. Asubuhi baada ya naiti ya mwisho lala kwa muda wa dakika 90 hadi 180 tu, amka, toka juani, kisha lala usiku mapema.

Wapo wasiopaswa kupangiwa usiku bila daktari wao kujua: wenye kifafa, kwani kukesha huchochea degedege, wenye ugonjwa wa hisia wa vipindi viwili (bipolar), kwani usiku mmoja bila usingizi unaweza kuanzisha kipindi cha msisimko uliopitiliza, na wanaojidunga insulini, ambao dozi zao zilipangwa kwa mtu anayelala usiku.

Kwa anayepanga ratiba, zungusha zamu kwenda mbele: asubuhi, kisha mchana, kisha usiku. Saa ya mwili, kwa kuwa yenyewe inapitiliza 24, inachelewa kwa urahisi kuliko inavyowahi, na wafanyakazi wa kiwanda cha madini cha Utah, Marekani, waliobadilishiwa mzunguko kwa kanuni hii walionekana kuridhika na kuzalisha zaidi katika utafiti uliochapishwa 1982. Acha angalau saa 11 kati ya zamu moja na nyingine. Na aliyetoka naiti saa 1 asubuhi asiitwe kwenye kikao cha idara saa 4.